Visukuku vya bahari vya fundi wa Kimmeridge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara huku Lubumbashi

Kila tunapoonyesha picha za makumbusho ya Kimmeridge kwa wanafunzi, walimu na wachimbaji wa huku Katanga, maswali yanayofuata huwa mengi kuliko picha zenyewe. Mengine ni juu ya makumbusho na mwanzilishi wake, mengine ni juu ya bahari iliyowahi kufunika nchi yetu, na mengine yanatoka kwa mtu mwenye jiwe mfukoni anayetaka kujua amebeba nini. Tumeyakusanya hapa kwa mpangilio ambao watu huyauliza.

Makumbusho yenyewe ni yapi, na yako wapi?

Yanaitwa The Etches Collection. Yako Kimmeridge, kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza, karibu kabisa na bahari. Yalifunguliwa mwaka 2016. Yamejaa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, na vyote ni vya bahari ya enzi ya Jurasi, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Aliyevikusanya ni mtu mmoja, Steve Etches, na idadi yake imepita 2,000.

Pwani hiyo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kijiji chenyewe ni kidogo, lakini jina lake linajulikana kwa kila mwanajiolojia: sehemu nzima ya enzi ya Jurasi imepewa jina la Kimmeridge, na Mkongo anayesoma jiolojia Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) atalikuta katika jedwali la enzi za dunia kama anavyolikuta mwanafunzi wa Beijing.

Ni kweli Steve Etches alikuwa fundi wa mabomba?

Kweli. Alikuwa akifunga na kutengeneza mabomba ya maji na mitambo ya kupasha nyumba joto. Kisukuku chake cha kwanza alikiokota akiwa na miaka mitano, kiumbe wa jamii ya urchini wa bahari (mnyama wa mviringo mwenye miiba) aliyegeuka jiwe gumu. Alipokuwa mtu mzima alianza kuchunguza majabali ya Kimmeridge kwa dhati, tangu miaka ya 1980, katika saa ambazo kazi ya kumlisha haikumhitaji. Gereji ya nyumba yake ikageuka karakana na ghala. Wageni waliotaka kuona, maprofesa kwa wanafunzi, waliingia kwenye gereji hiyo miaka mingi kabla jengo rasmi halijajengwa. Mwaka 2014 alipewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, kwa mchango wake katika elimu ya viumbe vya kale.

Huku kwetu swali hili huulizwa kwa mshangao, na mshangao huo unaniuma kidogo. Tumezoea kuamini kwamba elimu inaanzia kwenye cheti. Fundi yule alikuwa na vitu ambavyo fundi yeyote mzuri wa mitaa yetu ya Kamalondo au Katuba anavyo: mikono inayojua kiasi cha nguvu, macho yanayoona kasoro ndogo, na uvumilivu wa kurudia kazi ileile hadi inyooke. Kutoa mfupa ndani ya jiwe bila kuuvunja kunataka hayo kwanza. Majina ya Kilatini hufuata.

Mtu asiye na diploma ya sayansi anawezaje kuaminiwa na maprofesa?

Kwa kuandika. Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Kisukuku kisichojulikana kilitoka wapi kina thamani ya pambo tu. Kisukuku kilekile, kikiwa na karatasi inayosema kimetoka jabali gani, tabaka gani na tarehe gani, ni ushahidi. Udongo wa Kimmeridge umepangika tabaka juu ya tabaka, unene wake ukizidi mita 500, na kila tabaka ni kipindi chake. Ukijua tabaka unajua kiumbe huyu aliishi pamoja na nani, kabla ya nani na baada ya nani. Etches aliyajua matabaka hayo kwa miguu yake na akayaandika kwa uangalifu. Profesa akija kutoka chuo kikuu, hakuhitaji kumwamini mtu, alihitaji kusoma alichoandika na kwenda kukipima palepale.

Matokeo yanaonekana. Mwaka 2009 Etches na wanasayansi wawili walichapisha makala juu ya mayai ya amoniti yaliyohifadhiwa katika udongo huo. Amoniti ni jamaa wa kale wa pweza na ngisi, waliokuwa na gamba la kujikunja. Magamba yao yamejaa makumbusho ya dunia nzima, lakini mayai yao karibu hayakuwahi kuonekana. Ni vipunje vidogo ambavyo mtu mwenye haraka angevipita. Kuna pia fuvu la mnyama arukaye wa jamii ya terosauri, lenye urefu wa sentimita 33 hivi, lililopewa jina *Cuspicephalus scarfi*. Etches ndiye aliyelipata, na ni mmoja wa wawili walioandika maelezo yake. Na mwaka 2020 iktiosauri mmoja mdogo, mwenye umbo la kukaribia pomboo, alipewa jina *Thalassodraco etchesi*, kwa heshima ya fundi huyo aliyemtoa kwenye jabali.

Ndani nitaona nini?

Samaki wenye magamba yanayong'aa bado. Amoniti waliolala bapa kama karatasi kwa uzito wa udongo uliowafunika. Iktiosauri na macho yao makubwa, mamba wa baharini, mifupa ya plesiosauri wenye mapezi manne, meno ya papa. Na tangu miaka ya karibuni, fuvu la pliosauri, mwindaji mkubwa wa bahari ya kale, linalowavuta watu kuliko vyote.

Lile fuvu kubwa lilipatikanaje?

Mwaka 2022 mpenzi mwingine wa visukuku, Phil Jacobs, alikuwa akitembea ufukweni akaona ncha ya pua ya mnyama imelala kwenye changarawe. Ilikuwa imeanguka kutoka juu. Walipoitafuta ilikotoka, wakakuta fuvu lililobaki bado limekwama kwenye uso wa jabali, mita nyingi juu ya ufukwe. Huwezi kuweka ngazi pale, na jabali lenyewe ni udongo-jiwe unaomeguka. Kwa hiyo Etches na wenzake walining'inia kwa kamba kutoka juu, wakachimba kidogo kidogo wakiwa hewani hadi wakalitoa.

Fuvu hilo lina urefu wa mita 2 na meno 130. Mnyama mzima anakadiriwa kuwa alifika mita 10 hadi 12. Upande wa nyuma wa kila jino una mistari myembamba iliyoinuka, ya kusaidia jino kutoboa nyama na kuchomoka haraka; kwenye picha za karibu unaiona mistari hiyo kwa jicho la kawaida, imepangika kutoka shinani kwenda nchani. Habari zake zilionyeshwa kwenye televisheni ya BBC tarehe 1 Januari 2024, ndipo wengi wa huku walipoanza kutuuliza.

Wachimbaji wadogo wa huku wakiona picha za wale watu kwenye kamba hunyamaza kwanza, kisha wanauliza kuhusu kamba: imefungwa wapi, nani anaishika, udongo ukimeguka inakuwaje. Ni maswali ya watu wanaojua.

Ni dinosauri?

Hapana. Pliosauri, plesiosauri na iktiosauri walikuwa wanyama watambaao wa baharini, wa koo zingine. Waliishi wakati mmoja na dinosauri, basi.

Hiyo ni mifupa kweli au ni mawe yenye sura ya mifupa?

Vyote viwili. Mnyama alikufa akazama kwenye tope. Nyama ikaoza au ikaliwa. Mfupa una vijitundu vingi, na maji yapitayo kwenye tope yana madini. Madini hayo yakaganda ndani ya vijitundu, na sehemu ya mfupa wenyewe ikabadilishwa taratibu. Umbo likabaki, hadi alama za mishipa ya damu. Kwa hiyo ukikishika ni kizito na baridi, lakini ukikikata na kukiweka chini ya darubini unaona ujenzi wa mfupa.

Kwa nini Kimmeridge vimehifadhiwa vizuri hivyo?

Chini ya bahari ile kulikuwa na uhaba wa hewa ya oksijeni. Mahali pasipo na oksijeni hapana kaa wala minyoo wa kutawanya mzoga, na uozo unakwenda polepole. Tope laini likaendelea kushuka na kufunika. Viumbe vidogo vilivyokufa kwa wingi vilibaki na mafuta yao ndani ya tope hilo. Ndiyo maana baadhi ya matabaka ya Kimmeridge ni meusi na yanawaka moto ukiyachoma. Watu wa kale wa sehemu hiyo walichonga bangili kwa jiwe hilo jeusi. Na mbali kaskazini, chini ya Bahari ya Kaskazini, tope hilohilo lilipopata joto la kutosha ndilo lililotoa sehemu kubwa ya petroli ambayo Uingereza na Norwe wameiuza kwa miaka mingi.

Wamejuaje ni miaka milioni 150?

Kwa njia mbili zinazosaidiana. Kuna miamba yenye madini ya mnururisho (yanayotoa miale na kugeuka taratibu), hasa majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya matabaka, ambayo umri wake hupimwa maabara kwa kuangalia kiasi gani cha madini hayo kimekwisha kugeuka. (Ndugu zetu wa Goma, majivu ya Nyiragongo yatakuwa saa ya namna hiyo kwa watu wa baadaye.) Njia ya pili ni amoniti. Walibadilika haraka, kila aina ikaishi muda mfupi na kuenea mbali, kwa hiyo amoniti wa aina moja akipatikana Dorset na akapatikana kwingine penye majivu yaliyopimwa, umri unahamishika.

Je, si gharika ya Nuhu iliyoleta viumbe hivi?

Swali hili huulizwa kwa heshima na tunalijibu kwa heshima, kwa sababu wengi wetu ni watu wa kanisa. Maji ya gharika moja yanachanganya: mawe makubwa na madogo, wa nchi kavu na wa baharini, kwa pamoja. Kimmeridge tunaona kinyume chake. Tope ni laini mno, linalotua kwenye maji matulivu tu. Matabaka ni mengi na yanapishana kwa utaratibu, na aina za amoniti zinafuatana bila kurudi nyuma: aina iliyotoweka chini haionekani tena juu. Unene ule ulihitaji muda mrefu sana. Namna mtu anavyoliunganisha hilo na imani yake ni kazi yake na mchungaji wake. Sisi tunaonyesha lililo kwenye jiwe.

Katanga nayo ilikuwa bahari?

Ndiyo, na ya zamani sana kuliko ya Kimmeridge.

Miamba inayobeba shaba yetu, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, ilianza kama mchanga, tope na chokaa katika bahari ya kina kifupi na mabwawa ya chumvi pembezoni mwake, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Yeyote aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, anajua majina ya matabaka kwa herufi zake za Kifaransa: RAT chini, kisha D.Strat, RSF, RSC, na SD juu. Madini mengi yako chini ya RSC na juu yake. RSC yenyewe, jiwe gumu la kijivu lenye matundu, mara nyingi ni maskini, na mchimbaji hulilaani kwa sababu linamchelewesha.

Lakini jiwe hilo linalolaaniwa ndilo kisukuku. RSC kwa sehemu kubwa imejengwa na stromatoliti: vichuguu vilivyoinuliwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa jicho, vilivyoishi kama utando mwembamba chini ya maji yenye mwanga. Utando unanasa vumbi la chokaa, unapanda juu yake kutafuta jua, unanasa tena. Tabaka juu ya tabaka, hadi kunakuwa na nundu. Vijidudu vya aina hiyo ndivyo vilivyojaza hewa ya dunia oksijeni, zamani kabla ya mnyama yeyote. Stromatoliti hai bado zipo, maarufu zaidi ni za Shark Bay huko Australia, na hata kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika zipo.

Baada ya bahari hiyo ilikuja barafu. Tabaka linaloitwa Grand Conglomérat ni mchanganyiko wa mawe ya kila ukubwa uliosukumwa na kuangushwa na barafu, na juu yake kuna chokaa ya Kakontwe, ileile ya karibu na Likasi. Mgodi wa Kipushi umo katika chokaa hiyo. Bahari ilirudi. Barafu Katanga! Wanafunzi hucheka kwanza, nasi tunawapeleka waliguse hilo jiwe.

Basi kwa nini hatupati mifupa ya samaki kwenye mashimo yetu?

Kwa sababu samaki hawakuwapo bado. Wakati RSC inajengwa, duniani hapakuwa na mnyama mwenye mfupa wala gamba. Wanyama wakubwa wa kwanza wanaojulikana wanakuja yapata miaka milioni 575 iliyopita, na wale wenye magamba magumu kwa wingi baada ya miaka milioni 540. Anayekuuzia "samaki wa mgodini Ruashi" anakudanganya au amedanganywa.

Nitatambuaje stromatoliti?

Tafuta jiwe la kijivu ambalo limevunjika upande ulio wima, si juu. Lilowanishe kwa maji safi. Jiwe kavu huficha mistari. Uliangalie jua likiwa ubavuni, asubuhi au jioni. Utaona mistari myembamba, mingine ya giza na mingine myeupe, unene wa kucha au chini ya hapo, inapanda na kushuka kwa mawimbi. Mawimbi hayo yanaelekea upande mmoja: nundu zote zina mgongo juu. Pembezoni mwa nundu mistari inakuwa myembamba, kileleni inanenepa. Kati ya nundu mbili kuna bonde dogo lililojaa vipande vilivyomeguka.

Mistari ikiwa imekunjika ovyo, hii huku na ile kule, huenda ni mkunjo wa mwamba uliobanwa ardhi ilipojikunja, maana Katanga imekunjwa sana. Nundu zikiwa zimeelekea chini, angalia kama bloku zima halijapinduliwa. Wanajiolojia hutumia jambo hilohilo kujua tabaka lipi lilikuwa juu mwanzoni.

Malori yanaposhusha mawe ya kujazia barabara, mara nyingine RSC imo. Tumewahi kuona vipande vizuri sana kwenye kifusi cha kawaida kando ya barabara ya Kipushi.

Jiwe langu lina mchoro wa majani kabisa. Ni mmea wa kale?

Mara nyingi hapana. Maji yenye manganizi yakipenya kwenye ufa wa jiwe huacha michoro myeusi yenye matawi, mizuri hata kuliko jani la kweli. Huitwa dendriti. Namna ya kutofautisha: jani lina mshipa wa katikati na kingo, dendriti ina matawi tu, yanayoanzia kwenye ufa, na haina mwisho wa jani. Majani ya kweli yapo katika makaa ya mawe ya Luena na ya Lukuga karibu na Kalemie, lakini hayo yaliota nchi kavu, mamilioni ya miaka baada ya bahari yetu.

Na malakiti yenye miduara?

Ni madini matupu. Miduara inatokana na malakiti kukua kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje. Nzuri, lakini haijawahi kuishi.

Nimeokota konokono Tanganyika wanaofanana na wa baharini. Je, ziwa lilikuwa bahari?

Umeona jambo ambalo lilimsumbua Mwingereza J. E. S. Moore mwishoni mwa karne ya 19. Alifika ziwani, akaona konokono wenye magamba mazito na miiba kama ya baharini, akaona pia kiwavuwavu cha majini, akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya Jurasi kilichonaswa ndani ya bara. Wazo zuri, na halikuwa kweli. Ziwa ni la juzi ukilinganisha na Jurasi, umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Konokono hao walipata magamba mazito humohumo ziwani, kwa sababu kaa na samaki wa kuwavunja wamo wengi, na mwenye gamba jembamba hakuacha watoto. Hata ndagala, ambao kwa ukoo wana jamaa baharini, walipitia mitoni.

Gamba lako litunze hata hivyo. Andika kijiji na ufukwe.

Kongo ina visukuku vya samaki na wanyama wa baharini popote?

Inavyo. Kandokando ya Kisangani kuna matabaka ya enzi ya Jurasi yenye samaki wengi, ingawa zaidi ni wa maziwa na mabwawa ya bara. Visukuku vya bahari hasa vinatafutwa kwenye ukanda mwembamba wa pwani, upande wa Kongo Central. Jirani kabisa, Landana huko Cabinda (Angola), kulitoka kasa wa baharini, meno ya papa, na mamba wa baharini aliyepewa jina *Congosaurus bequaerti*. Jina la nchi yetu limo ndani ya jina lake, na mifupa yake iko Ubelgiji. Samaki wa Kisangani nao wengi wako kwenye makumbusho ya Tervuren, hukohuko Ubelgiji. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuwasoma anahitaji pasipoti na viza. Hilo si haki, na tunalisema wazi kila tukiulizwa.

Nikipata kitu, nifanye nini kwanza?

Usikiguse bado. Piga picha kikiwa palepale kilipo, na kalamu au sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Piga nyingine ukiwa umerudi nyuma, ionyeshe shimo au jabali lote. Simu nyingi zina GPS; hifadhi mahali hapo. Kisha andika kwenye karatasi: mahali, tarehe, kina au tabaka kama unalijua, aliyekuonyesha. Karatasi iingie ndani ya mfuko pamoja na jiwe, na namba ileile iandikwe juu ya jiwe kwa rangi ndogo isiyotoka.

Usikisugue kwa brashi ya waya. Usikitie asidi ya betri, ndimu wala siki. Asidi hula chokaa, na kisukuku huliwa pamoja nayo. Usikipake vanishi ili king'ae. Kimmeridge usafi unafanywa kwa kalamu ndogo inayotikiswa na upepo wa kompresa, kipande cha ukubwa wa kiganja kikichukua siku nyingi. Mafundi wa karakana za kupaka magari rangi huku wana kompresa hizo. Chombo si tatizo letu.

Kuna hatari?

Ziko. Usiingie kwenye shimo la mtu kwa ajili ya jiwe, hasa masika, udongo unapolegea. Na mawe ya rangi kali ya njano au kijani ya majani mabichi, hasa ukiambiwa yametoka Shinkolobwe, msiyalete nyumbani. Huko ndiko ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima, na mawe yake yana mnururisho. Mtoto asilale chumba kimoja nayo.

Naweza kuuza kisukuku?

Huko Dorset biashara hiyo ipo tangu zamani. Mary Anning, aliyezaliwa Lyme Regis mwaka 1799 katika familia maskini ya seremala, aliishi kwa kuuza visukuku alivyovitoa majabalini. Yeye na kaka yake walitoa iktiosauri miaka ya 1811 na 1812, na mwaka 1823 akatoa plesiosauri mzima. Wasomi waliomnunulia waliandika vitabu na mara nyingi jina lake halikutajwa. Chama cha Jiolojia cha London hakikupokea mwanamke hadi mwaka 1919, na yeye alifariki 1847.

Kwa hapa, ushauri wetu ni kutouza nje ya nchi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao Kongo imeuridhia, unataja visukuku miongoni mwa mali zinazolindwa dhidi ya usafirishaji haramu. Mnunuzi anayekuomba usiandike jiwe limetoka wapi, muache aende.

Nitafikaje Kimmeridge?

Viza ya Uingereza, ndege, treni ya kutoka London hadi Wareham, halafu gari mpaka kijijini.

Kwa nini Lubumbashi tusiwe na chumba cha namna hiyo?

Makumbusho tunayo. Yalianzishwa na Francis Cabu enzi mji ukiitwa Élisabethville, na ndani mwake vitu vya kale vya watu wa Upemba vimetunzwa vizazi kwa vizazi. Kinachokosekana ni hadithi ya mawe yenyewe, ile iliyotangulia watu. Na mawe hayahitaji kununuliwa. Kila siku RSC inavunjwa na mashine na kumwagwa kwenye lundo la taka za mgodi, kama vile mawimbi ya Dorset yanavyosaga mfupa ulioanguka ikiwa hakuna aliyepita siku hiyo. Huko mtu mmoja alipita, akapita tena, akaandika. Kijiji kikamwunga mkono, fedha za urithi za bahati nasibu ya Taifa zikaja, na jengo likasimama likiwa na ukumbi wa kijiji ndani yake.

Sisi tungeanza na rafu za mbao kwenye darasa moja. Bloku moja la RSC lililokatwa kwa msumeno wa marumaru, maana mafundi wa marumaru tunao, likaonyesha nundu zake zote. Kando yake kipande cha Grand Conglomérat, kisha chokaa ya Kakontwe. Kila kimoja na karatasi yake kwa Kiswahili na Kifaransa, na jina la aliyekileta, awe injinia au mchimbaji. Baba aliyetumia miaka thelathini mgodini akimleta mjukuu wake hapo ana mengi ya kumweleza, na kwa sasa hana pa kumpeleka.

Nataka kuwaonyesha jiwe langu. Nilete vipi?

Lilete likiwa na udongo wake, ndani ya gazeti kavu, si kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, maana unyevu unalipasua. Karatasi ya mahali ulipolipata iwe pamoja nalo. Kama ni kubwa kuliko unavyoweza kubeba, liache lilipo, tuma picha tatu: ya mbali, ya karibu, na ya upande uliovunjika ukiwa umeulowanisha.